Kundi la Watu Watano la Ala za Kupuliza: Namna ya Kulianzisha Mtwara au Lindi na Kulipeleka Mashuleni

Kusini hatuna uhaba wa watu wanaojua kupuliza. Wapo waliostaafu bendi za polisi, magereza na jeshi wakarudi kwenye mikorosho yao, wapo vijana wa matarumbeta ya harusini, wapo wanakwaya waliofundishwa nota kanisani. Kinachokosekana ni kundi dogo linaloweza kuingia darasani bila spika wala jenereta, likapiga muziki wa kukaa na kusikilizwa, kisha likarudi mahali pale pale baada ya wiki mbili.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwenda shule moja mara moja, watoto wakashangilia, mkapiga picha na kuondoka, hilo ni tangazo lenu wenyewe. Huduma inaanza mnaporudi. Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia ala ya kununua mpaka mwezi wa kuanza, nimeupima kwa swali moja: je, utawawezesha kurudi?

Hatua ya kwanza: chagua ala mtakazoweza kuzitunza

Kwinteti ya Kizungu, yaani kundi la wapulizaji watano, ina fluti, oboe (jamaa ya zumari), klarineti, honi ya Kifaransa na fagoti (ala ndefu ya sauti nzito). Aliyeizoesha dunia mpangilio huo ni Anton Reicha, aliyeandika kwinteti 24 mjini Paris kati ya mwaka 1811 na 1820, na Franz Danzi akaongeza tisa zake. Kabla yao, mwaka 1782, Mfalme Joseph wa Pili aliunda kundi lake mjini Vienna lenye wapulizaji wanane: oboe mbili, klarineti mbili, honi mbili na fagoti mbili. Muziki wa makundi kama hayo ulipigwa watu wakila, au wakipunga upepo bustanini. Kwa hiyo ukiupeleka chini ya mwembe wa shule hujaushushia hadhi. Pengine umeurudisha kwao.

Kwa mazingira yetu, oboe na fagoti ziacheni. Ni ghali, na ridi zake (vile vijiti vya kupulizia) ni pacha, nyembamba, huchakaa upesi, na za kununua hazipo karibu. Honi ya Kifaransa nayo humtesa anayeanza, kwa sababu sauti zake za juu zimebanana na mdomo ukikosea kidogo tu unaangukia nota ya jirani. Mimi naanza hivi: fluti moja, klarineti mbili, saksafoni ya alto na tromboni. Mkikosa tromboni, saksafoni ya teno inafaa.

Kugawana kazi ni rahisi. Klarineti ya pili inabeba sehemu ya oboe, alto inabeba ya honi, tromboni inabeba ya fagoti. Ila fagoti huandikiwa mbio ambazo tromboni haiwezi kuzikimbiza kwa mkono. Mwandikie mpulizaji wenu nota za msingi, zile za kushikilia wimbo, mbio mpeni klarineti ya pili. Tarumbeta msiliingize mapema. Ni zuri uwanjani, lakini ndani ya darasa la bati linafunika fluti na kuwafanya wote wapulize kwa nguvu kushindana nalo.

Klarineti moja, na ikiwezekana zote mbili, ziwe za plastiki. Hapa panahitaji maelezo, maana kuna jambo la kwetu kabisa. Klarineti nzuri duniani hutengenezwa kwa mpingo, *Dalbergia melanoxylon*, na mpingo huo uko kwenye misitu yetu: Kilwa, Liwale, Nachingwea. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu, kupitia shirika la MCDI lililoko huko huko Kilwa. Ni mti ule ule wanaouchonga Wamakonde, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na hukua polepole: kufikia unene wa kuvunwa huchukua miaka 70 hadi 100. Lakini uzito huo hauuzuii kupasuka. Ukiiweka klarineti ya mpingo juani Masasi mwezi wa tisa, nje inakauka; ukianza kuipuliza, pumzi yenye unyevu inavimbisha ndani. Ndani kunatanuka, nje kumekaza, ufa unatokea. Basi ya mpingo ibaki nyumbani kwa mazoezi ya jioni, ya plastiki ndiyo ipande bodaboda.

Hatua ya pili: kagua kabla hujatoa hela

Ala za mitumba hupatikana Dar es Salaam na husafirishwa kwa basi. Nakushauri uende mwenyewe au umtume anayejua kupuliza. Picha za simu hazioneshi hewa inapovujia.

Klarineti: chukua kipande cha juu, ziba matundu yote kwa vidole, ziba upande wa chini kwa kiganja, kisha vuta hewa kwa mdomo kutoka juu. Ikishikilia mvuto kwa sekunde chache, pedi (vile vigodoro vya kuzibia matundu) ni nzima. Ikiachia papo hapo, ongeza gharama ya pedi kwenye bei uliyotajiwa. Saksafoni: ingia nayo gizani, tumbukiza taa ndogo ndani, funga vifuniko kimoja kimoja, mwanga ukichungulia pembeni, pedi ile imekwisha. Tromboni: isimamishe wima na uachie bomba la kuvuta lishuke lenyewe huku mkono mwingine ukilisubiri chini. Likikwama katikati, limepinda, na mafundi wa kulinyoosha vizuri ni wachache. Hiyo iache hata ikiwa rangi yake inang'aa.

Ikishafika kwenu, adui ni chumvi na unyevu. Anayeishi Shangani au Mikindani analijua hili kwa mabati ya nyumba yake. Baada ya kila mazoezi pitisha kitambaa kikavu ndani, futa nje, na usifunge ala mbichi kwenye kasha. Ridi zikaushwe zikiwa zimelala juu ya kipande cha kioo ili zisipinde. Kipulizio, yaani kile kipande kinachogusa midomo, kioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huharibu vile vyeusi vya mpira mgumu. Kila mtu awe na chake. Ala inaweza kuwa ya kundi, kipulizio hapana, na sababu si usafi wa kawaida tu: magonjwa yanayoambukizwa kwa mate yapo.

Kwenye mfuko wa safari weka uzi wa kushonea na raba za kufungia pesa. Kizibo cha kwenye maungio ya klarineti kikibomoka, uzi uliozungushwa vizuri na kupakwa mafuta ya mgando unakaa miezi. Springi ya kifuniko ikikatika, raba inakivuta kirudi mpaka mmalize onyesho.

Hatua ya tatu: watu, na saa zao

Wastaafu wa bendi wanajua kutunza ala na kukaa kwenye mapigo. Vijana wa matarumbeta wana pumzi na sikio, wengi wao nota hawazijui. Wanakwaya wanasoma nota lakini wamezoea kufuata mkono wa mwalimu. Wachanganyeni, na kila kijana wa sikio akae pembeni ya msomaji. Ndani ya miezi michache wanakopeshana bila kuambiwa.

Kuna adabu yake. Mzee aliyestaafu ataendelea kuitwa Afande au Mzee hata kama anayeongoza mazoezi ni mjukuu wake kwa umri. Kijana huyo akisikia mzee ametoka kwenye wimbo asimkatize mbele ya wote, asubiri mapumziko, amfuate, "Shikamoo Mzee, pale ukurasa wa pili naomba tupitie tena mimi na wewe." Nimeona makundi mengi zaidi yakivunjika kwa jambo dogo kama hili kuliko kwa fedha. Na mtafuteni dada mmoja angalau tangu mwanzo. Mkiingia shule mkiwa wanaume watupu, wasichana watasikiliza kwa heshima tu na hakuna atakayeomba kujaribu.

Saa nzuri ya mazoezi ni baada ya alasiri, mkimaliza kabla ya magharibi. Adhana ikianza, ala zinashuka. Hilo halihitaji kujadiliwa. Ramadhani msimlazimishe aliyefunga kupuliza, koo linakauka na midomo inapasuka. Fanyeni kazi ya kuandika nota, au kutaneni usiku baada ya tarawehe kwa wanaopenda. Pia wapo masheikh wanaokubali dufu lakini hawapendi ala za kupuliza karibu na madrasa. Ulizeni kwanza, na mkikataliwa kubalini.

Hatua ya nne: kila mtu ajue do yake iko wapi

Hapa ndipo makundi mengi mapya hukwama siku ya kwanza. Mnafungua kitabu cha nota za kwaya, mnahesabu moja mbili tatu, mnapuliza, na inatoka kelele. Hakuna aliyekosea. Ala zenyewe hazisemi lugha moja. Mwenye fluti na mwenye tromboni wakisoma C, inasikika C. Mwenye klarineti akisoma C, inasikika B-flati, na kwa tarumbeta ni vivyo hivyo. Saksafoni ya alto ikisoma C inasikika E-flati. Honi ikisoma C inasikika F.

Waliozoea solfa (do, re, mi) wana bahati, kwa sababu wao do huihamisha kila siku. Anzeni na ngazi ya B-flati. Fluti na tromboni do yao ni B-flati, klarineti do yao ni C, alto do yake ni G. Pigeni do, re, mi kwenda juu na kurudi, polepole, mpaka sauti zikae pamoja. Fanyeni hivyo kila siku kabla ya kitu kingine chochote, kisha jaribuni wimbo wowote mfupi wa sauti nne mnaoujua kwa moyo.

Mkitaka kupiga kwinteti zenyewe, anayeandika nota akumbuke mambo mawili. Sehemu ya oboe ikienda kwa klarineti, kila nota ipande hatua nzima, kama kutoka do kwenda re. Sehemu ya honi iliyoandikwa kwa honi ya F ikienda kwa saksafoni ya alto, nayo ipande hatua nzima. Ya fagoti inaingia kwa tromboni kama ilivyo. Programu ya bure ya MuseScore inahamisha yote hayo kwa kubofya mara chache, na nota za Reicha na Danzi zimo kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Danzi alifariki 1826 na Reicha 1836. Hakuna wa kuwadai nyinyi hakimiliki.

Kisha joto. Ala za kupuliza hupangwa kwa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, katika chumba cha wastani. Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka ndani ya bomba na nota hupanda, kiasi cha asilimia tatu ya nusu-hatua (kama kutoka mi kwenda fa) kwa kila nyuzi moja. Mahesabu hayo yanaonekana madogo, lakini tofauti ya nyuzi kumi kati ya chumba cha ubaridi na darasa la bati wakati wa kaskazi inakaribia theluthi ya nusu-hatua nzima, na hapo sikio linalia. Mkiwa wapulizaji watupu mnapanda pamoja na hakuna anayejua. Tatizo linakuja mkialikwa kupiga na kinanda cha umeme, ambacho chenyewe hakipandi. Vuteni maungio nje kidogo, klarineti pale chini ya kipulizio, tromboni kwenye bomba lake la kupangia, na msipange sauti mkiwa mmetoka tu kwenye bajaji. Pulizeni dakika kumi kwanza.

Hatua ya tano: ruhusa

Hii ni fupi lakini msiiruke. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Ndiye atakayewaelekeza usajili wa kikundi BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na jina lake likiwa kwenye barua yenu milango mingi inafunguka. Shuleni mnaanza kwa mwalimu mkuu, kitabu cha wageni, kisha mwalimu wa taaluma ili msiingilie mitihani. Kwa onyesho la wazi mtaani, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wajue mapema, na polisi wapewe taarifa. Nyimbo za wasanii wa sasa mkizipiga mbele ya watu, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Jambo moja la kuwa macho nalo. Mkishaonekana mnapiga vizuri, mtaanza kuitwa kupokea wageni wa serikali. Ni heshima, lakini mgeni wa saa tatu hufika saa nane, mmeungua jua, na ratiba ya shule imeharibika. Kubalini siku ambazo si za shule tu, na mseme hivyo kwa upole tangu mwanzo.

Hatua ya sita: nyimbo

Onyesho la kwanza lisizidi dakika arobaini pamoja na maelezo. Kipande kimoja cha Danzi au Reicha, na kiwe sehemu moja tu ya kwinteti, ile ya haraka. Wimbo mmoja ambao watoto wanaujua wa darasani. Kitu kimoja cha kuchezeka. Kilichobaki kiwe kutoka kwenye ngoma za hapa.

Kwenye ngoma za hapa nendeni taratibu. Sindimba ya Wamakonde ni ya hadhara, inachezwa hata kwenye sherehe za kitaifa, na mapigo yake yanawapa wapulizaji kazi nzuri ya kupishana. Wayao na Wamakua wanazo zao, na tamasha la MaKuYa hapa Mtwara limekuwa likizikutanisha ngoma za makabila hayo matatu. Ni mahali pazuri pa kwenda kusikiliza kabla ya kuandika nota yoyote. Lakini nyimbo za jando na unyago ni jambo jingine. Nyingine huimbwa ndani tu, kwa waliokwisha kuingia, na mtu akiwaimbia kwa ukarimu mkaziweka kwenye klarineti mbele ya watoto wa darasa la tatu, mtakuwa mmefukuzwa na kijiji kizima. Muulizeni kungwi au ngariba, siyo kijana aliyewapa wimbo.

Mkipata wapigangoma wa kushirikiana nao, wapeni muda wa kuziota ngoma motoni. Ngozi ikikauka na kukaza ndipo inalia. Nyinyi mtumie muda huo huo kupasha ala zenu kwa pumzi.

Hatua ya saba: siku ya kwanza shuleni

Msianze kwa kujitambulisha. Watoto wameshasimama, wameshawaamkia, wanategemea hotuba. Pigeni. Dakika mbili za kitu cha haraka, mkiwa mmekaa nusu duara karibu nao, kisha nyamazeni. Hapo ndipo mnaweza kusema majina yenu, na watasikiliza.

Baada ya hapo onesheni namna sauti inavyotokea, na hapa mjaze mfuko kwa vitu ambavyo mtoto atavipata kwao jioni. Mrija wa soda: bana ncha yake iwe bapa, kata pembe mbili ili ibaki na ncha kama ya mkuki, puliza kwa midomo iliyobana. Unalia. Kisha mwenzako achukue mkasi aukate kipande kipande huku unapuliza, na sauti inapanda kila ukikatwa. Watoto watacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani aje kuchungulia, lakini wameshaelewa jambo lote la urefu wa bomba. Waambieni oboe inalia hivyo hivyo, na zumari ya pwani pia. Babu zao wengi wameiona.

Bua la jani la papai linafanya kazi ile ile na watoto wengi wa vijijini watawafundisha nyinyi. Angalieni utomvu tu, uoshwe kabla ya kwenda mdomoni, unawasha.

Kwa upande wa tarumbeta na tromboni, chukueni mpira wa kumwagilia maji, mpya na uliooshwa, mita moja na nusu hivi. Weka kipulizio cha tarumbeta mwanzoni na faneli ya mafuta mwishoni. Puliza. Ni tarumbeta, maana bomba la tarumbeta likinyooshwa lina urefu unaokaribia huo huo. Chukua mpira wa urefu mara mbili, sauti inashuka oktava nzima, na hapo umewaonesha kwa nini tromboni ni kubwa.

Chupa za soda ziacheni mwisho, kwa madarasa ya juu, kwa sababu zina kitendawili. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu, kisha ongeza maji upulize tena: sauti inapanda. Sasa ichukue chupa hiyo hiyo uigonge kwa kijiko, tupu kwanza, kisha yenye maji: sauti inashuka. Waulizeni kwa nini, na msijibu haraka. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa, na maji yanaipunguza. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo, na maji yanakiongezea uzito. Kuna mwalimu wa fizikia aliyeniomba nimwachie chupa hizo.

Pitisheni pia mikononi mwao kipande cha mpingo, hata cha mabaki kutoka kwa mchongaji, pamoja na klarineti. Wakishapima uzito wa kile kipande, waambieni kwamba huko Ulaya na Japani wapo watu wanaoutafuta mti huu wa Kilwa ili watengeneze ala kama hii. Muda huu huwa kimya.

Darasa likiwa na watoto wengi kupita kiasi, wagaweni makundi matatu: moja linapiga makofi ya mapigo, moja linaimba do na so kwa kushikilia, moja linaimba wimbo. Nyinyi mnapuliza katikati. Usimpe mtoto yeyote ala ajaribu siku hiyo. Mkimpa mmoja, mia wengine wameumia, na kipulizio hakitaoshwa mara mia.

Wodini mambo ni tofauti. Iwe Ligula hapa Mtwara, Sokoine kule Lindi, au hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, barua iende kwa mganga mfawidhi, na muuguzi wa zamu ndiye anayeamua mnaingia wapi. Fluti na klarineti peke yake, robo saa, uani au kwenye baraza, kamwe karibu na wodi ya wazazi. Tromboni ibaki kwenye gari.

Hatua ya nane: mwezi wa kuanza, na hela ya kurudia

Anzeni Julai. Mvua zimekwisha, kusi inavuma na hewa ni tulivu kwa ala, muhula mpya umefunguliwa, na barabara za kupanda Newala na Tandahimba zinapitika. Julai mpaka Septemba mna miezi mitatu mizuri. Kuanzia Oktoba korosho inaingia minadani. Watoto wako mashambani wakiokota, wazazi hawana muda, malori yamejaa barabarani. Msishindane na korosho. Huo ndio msimu wa harusi na sherehe, maana hela imeingia, na ndio mfuko wenu wa mwaka: pigeni harusini kwa malipo, sehemu mliyokubaliana iingie kwenye nauli na ridi za mwaka unaofuata kabla ya mtu kupewa posho. Masika yakikolea, yaani Machi na Aprili, bakieni shule za mjini na Mikindani, ambako ni kilomita kumi hivi tu kwa daladala.

Chagueni shule mbili, tatu zikizidi. Moja mjini, moja ya kijijini ambayo mnaweza kwenda na kurudi siku moja. Ndanda au Masasi kutokea Mtwara mjini inawezekana mara moja moja, lakini kila wiki mbili itawamaliza. Mkiwa Lindi mjini, shule za kandokando ya barabara ya Mtama ni nafuu zaidi.

Kwenye kila shule mwombeni mwalimu mmoja anayependa kuimba awe mwenyeji wenu, na mfundisheni yeye zaidi ya watoto. Ziara ya pili na ya tatu ni za kuimba solfa na kupiga mapigo, bila ala ya kushika. Ya nne leteni rikoda za plastiki, filimbi zile ndogo za matundu manane, moja kwa kila mtoto wa kikundi, iliyoandikwa jina lake kwa kalamu isiyofutika. Wasizidi ishirini. Mwalimu mwenyeji ndiye anayewachagua, na aambiwe wazi kwamba asichague wanaoongoza darasani tu.

Muhula ukiisha, watabaki wawili au watatu ambao rikoda haiwatoshi. Hao mnawajua, ni wale wanaofika kabla yenu na kukaa chini ya mti kuwasubiri. Mmoja wao apewe klarineti ya plastiki ya kuazimwa. Nendeni nyumbani kwao, mkae na mzazi au bibi anayemlea, mweleze ala ni ya kundi, itunzwe wapi, panya na watoto wadogo wasiifikie, na ikiharibika asichapwe bali mletewe. Andikeni karatasi, asaini mzazi, asaini mwalimu mwenyeji, nakala ibaki shuleni. Ridi tatu, kitambaa cha kukaushia, na tarehe ya somo la kwanza iwe ndani ya wiki hiyo hiyo.